Kocha Ongeza na Mabega ya Watu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa filimbi! Kocha Mkuu amesafiri kwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, na klabu yetu ya kuogelea iko chini yangu mpaka atakaporudi. Mimi! Kocha msaidizi miaka yote hii, mtu wa kushika taulo na kupiga mbizi kutafuta miwani ya watu. Nimeipuliza mara kadhaa kabla hata kijana mmoja hajaingia majini, kuijaribu tu. Mhudumu wa bwawa alikuja mbio akidhani kuna anayezama.

Kocha Mkuu ameniachia agizo moja. Alilitoa mlangoni, akalirudia akiwa ndani ya teksi, kisha akashusha kioo akalirudia tena: nisiongeze hata mita moja kwenye mazoezi. Mashindano ya kanda yamekaribia, vijana wako vizuri, niwaache walivyo. Nikaitikia sawa, mama, kabisa, mama. Nilikuwa nasema kweli. Ilikuwa asubuhi.

Mchana nikiwa kwenye duka la vigae la dada yangu, ambako ndiko ninakopatia riziki, akaingia Kifua Mbele. Huyu ni kocha wa klabu ya upande wa pili wa mji. Jina nimempa mimi, kwa sababu kifua chake hupita mlangoni kwanza, mwenyewe akafuata baadaye. Alijifanya anatafuta vigae vya bafu. Akapekua sampuli, akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba waogeleaji wake sasa wanaogelea asubuhi na jioni, maradufu ya mwaka jana, na mabega yao yamekuwa kama milango ya benki. Kisha akauliza sisi tunaogelea kiasi gani. Nikamwambia hiyo ni siri ya klabu. Akacheka puani. Akaondoka bila kununua hata kigae kimoja.

Maradufu! Basi na sisi maradufu. Kocha Mkuu alinikataza kuongeza mita moja. Hakusema chochote kuhusu mita elfu tatu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeanza. Vijana walimaliza mazoezi ya kawaida, wakajishikiza ukingoni wakitweta, wakidhani wanakwenda nyumbani. Nikawaambia, "Safi sana! Sasa tuanze." Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha wakaona nimeacha kucheka.

Aliyetangulia kurudi majini ni mpwa wangu, binti wa dada. Ndiye nyota wetu. Akipiga mtindo wa kipepeo utafikiri maji yenyewe yanampisha. Nilimfundisha kuelea mimi mwenyewe, enzi ana mapengo na anaogopa hata beseni. Akifanya vizuri kwenye mashindano ya kanda anachukuliwa kambi ya timu ya taifa. Alivaa miwani, akazama. Wengine wakamfuata wakinung'unika. Nasikia wamenipa jina jipya: Kocha Ongeza. Nimefurahi mno. Kocha Mkuu hana jina la heshima namna hiyo.

Jioni akaja daktari wa viungo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini na mkoba mkubwa, ambaye Kocha Mkuu alimwomba awatazame vijana kila Jumanne. Akaniuliza mzigo wetu wa mazoezi ukoje. Nikamjibu hapa hatubebi mizigo, tunaogelea. Akatabasamu kwa subira. Akaeleza kwamba mzigo ni kila kitu bega linachotakiwa kufanya: umbali, kasi, siku ngapi, na limepumzika kiasi gani katikati. Bega la mwogeleaji linazunguka maelfu ya mara kwa wiki moja, alisema, na linaweza kuzoea mengi ukilizoesha polepole. Linalochukia ni kushtukizwa. Akauliza kama tumebadilisha chochote karibuni.

Nikasema hatujaongeza hata mita moja. Ambayo ni kweli, ukihesabu kwa namna yangu.

Akawafundisha vijana mchezo wa vidole. Kila siku waonyeshe bega linauma kiasi gani: ngumi maana yake haliumi, vidole kumi maana yake hawawezi kabisa. Mambo ya chekechea. Nilikuwa nimesimama nyuma nikitazama saa.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Wazo kubwa!

Kifua Mbele ana vile vibao vya plastiki vya kuvaa viganjani, vinavyomfanya mwogeleaji avute maji mengi zaidi. Sisi hatuna. Lakini duka la dada lina mifuniko ya ndoo za gundi ya vigae, rundo zima nyuma ya stoo, bure kabisa. Nimeitoboa kwa msumari wa moto, nikapitisha kamba za viatu. Mizuri kuliko ya dukani! Na mikubwa maradufu.

Matokeo: kasi ya ajabu. Maji yalikuwa yanaruka kama mtu amefungulia bomba la zimamoto. Kijana mmoja mrefu, tunayemwita Mlingoti, mfuniko wake ulikatika kamba, ukapaa, ukatua barabara juu ya kikombe cha chai cha mhudumu wa bwawa. Ukakifunika vizuri kabisa, kama umetengenezwa kwa kazi hiyo. Mhudumu hajanisemesha tangu hapo.

Baada ya mazoezi mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye benchi akizungusha bega la kulia polepole, kama mtu anayefungua koki yenye kutu. Nikamuuliza vipi.

"Hakuna kitu, Mjomba."

Nimeridhika. Mtu akisema hakuna kitu, hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Uasi!

Nilipofika bwawani vidole vilikuwa vimeshainuliwa. Sita, saba, vinane kule nyuma. Ilikuwa kama mnada. Mlingoti akasema mama yake ndiye aliyemvisha shati. Wasichana wawili wakasema vitana vimekuwa vizito. Mmoja akauliza, kwa adabu zote, kama kuna mashindano ya kuogelea kwa miguu peke yake.

Nikawatuliza. Nikawaeleza kwamba hayo si maumivu, hiyo ni nguvu inaingia, na nguvu ikiingia lazima ipige hodi. Nilidhani nimesema vizuri sana. Mlingoti akauliza mbona kwangu haipigi hodi. Kisha mtu akaguna. Nikaona heshima yangu inaelea pale kwenye maji ya kina kirefu, na hakuna wa kuiokoa ila mimi.

Nikavua fulana. Nikavaa mifuniko. Nikaruka.

Mwanzo nilikwenda kama papa. Baadaye nikawa kama mashua. Kisha bega langu la kulia likasema kitu. Kisauti kidogo tu, kama mtu anavunja kijiti chumba cha pili. Nikaendelea kwa mkono mmoja, na mtu anayeogelea kwa mkono mmoja, nimegundua, haendi mbele, anazunguka. Naambiwa nilimaliza kwenye njia ya jirani, nikiwa nimeelekea nilikotoka. Nikapanda ngazi nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Nikawaambia, mmeona? Hakuna kitu.

Mpwa wangu peke yake hakucheka. Alinitazama, akashika bega lake, akageuka.

Jumapili, 9 Machi

Mkono wa kulia hauvuki mfuko wa shati. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto na herufi zinaonekana kama wadudu waliokanyagwa.

Mke wangu amenivisha. Akauliza kulikoni. Nikasema nimelala vibaya. Akajibu bila kuinua macho kwenye vifungo kwamba basi nimelala vibaya bwawani, mchana kweupe, mbele ya watoto wa watu, maana habari imeshafika saluni. Kisha akanipaka dawa ya kuchua, akanifinya kidogo pasipo lazima.

Mchana akaja mama mkwe. Mtihani! Akanyoosha mkono wa salamu. Wangu haunyooki. Kumpa wa kushoto siwezi, ningefukuzwa kwenye ukoo. Nikafikiri haraka: kama mkono hauendi juu, basi mwili uende chini. Nikainama. Nikainama zaidi. Nikainama mpaka paji la uso likakaribia zulia, na mkono ukafika. Mama mkwe akapigwa na butwaa. Akasema katika wakwe zake wote hajapata kuona adabu ya namna hii. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kwa nguvu za furaha.

Nikatoa mlio. Akadhani nalia kwa kuguswa moyo. Akalia na yeye.

Ameacha zawadi. Mke wangu bado anacheka jikoni.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya daktari. Nilijiandaa mapema. Nikawaambia vijana kwamba leo wakiulizwa, kila mtu vidole viwili. Ngumi isingeaminika. Viwili ni vya wastani, vya kiungwana. Tukafanya mazoezi mara kadhaa nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo.

Daktari akauliza mabega yanauma kiasi gani. Vidole viwili, wote kwa mpigo, kama kwaya. Nikaona fahari. Akauliza wamechoka kiasi gani. Viwili. Akauliza wana njaa kiasi gani. Viwili. Akanitazama, akawatazama, akauliza wanampenda kocha wao kiasi gani.

Viwili! Hata hapo wangeweza kuongeza kidogo.

Akaomba niwaonyeshe vijana namna ya kuinua mkono ipasavyo. Nikasema mimi ni mtu wa nadharia zaidi. Akasogea, akaligusa bega langu kwa ncha ya kidole kimoja tu. Mlio nilioutoa ulirudi kutoka kwenye kuta zote nne. Vijana wote, bila kuambiwa, wakainua vidole kumi kwa niaba yangu.

Basi tena. Mlingoti akamwaga mtama wote: mita, mifuniko, nguvu kupiga hodi. Daktari hakunifokea. Angenifokea ningekuwa na la kujibu. Alisema tu kwamba mwogeleaji aliyechoka hawezi kuutuma mkono majini inavyotakiwa, kwa hiyo kila mita ya nyongeza inafundisha kosa na kuumiza papo hapo. Akasimamisha kila kitu. Akaomba mifuniko. Nimempa. Nimebakiza miwili.

Kisha akawapima mmoja mmoja. Mpwa wangu aliinua mkono mpaka juu, uso umekauka kama kigae, akatabasamu. Akasema yuko sawa. Daktari alimtazama kwa muda mrefu.

Jumatano, 12 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Mpwa wangu alikuja dukani baada ya masomo kumsaidia mama yake. Mteja akataka kuona kigae cha bluu cha rafu ya juu. Mimi siwezi kufika, kwa sababu zinazojulikana. Akaenda yeye. Akainua mkono, ukafika usawa wa sikio, ukagoma. Akajaribu tena. Kigae kikamponyoka, kikapasuka vipande sakafuni. Akachuchumaa kuviokota, na machozi yakawa yanadondokea vipande.

Mteja akaondoka polepole, kwa heshima. Dada yangu akatoka nyuma ya kaunta.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, Mama. Sijalalia upande huu tangu Alhamisi."

Alhamisi. Siku ya mifuniko. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Mimi si mjomba wake? Mimi si niliyekuwa nikimbeba majini?

Akafuta pua kwa mkono mzima. "Ulikuwa umefurahi sana, Mjomba. Sijawahi kukuona umefurahi hivyo. Nikasema nitavumilia mpaka mashindano."

Kuna kitu kiliniingia jichoni. Vumbi la vigae; duka hili lina vumbi sana. Dada yangu akaniita stoo. Nilitegemea kelele. Dada yangu akikasirika hata mafundi hushuka ngazini. Lakini alisimama tu katikati ya maboksi, akasema, "Mdogo wangu, nilikupa mtoto, si punda." Basi. Akarudi mbele.

Nimeketi juu ya ndoo ya gundi mpaka wakati wa kufunga. Halafu nikaichukua ile mifuniko miwili niliyobakiza, nikaitupa kwenye pipa. Kisha nikampeleka mimi mwenyewe mpwa wangu kwa daktari, kwa miguu, nimembebea begi kwenye bega zima.

Ijumaa, 14 Machi

Afadhali! Afadhali kubwa! Hakuna kilichochanika. Daktari anasema kano za bega zimechubuliwa kwa kutumikishwa kupita kiasi, zimevimba na zina hasira. Zikipewa nafasi zitapoa. Kipepeo hakuna kwa sasa. Mkono usivuke kichwa mpaka maumivu yatulie. Apige miguu tu majini, ajenge misuli ya nyuma ya bega kwa mipira ya kuvuta, kisha arudi kidogo kidogo, akiongeza pale tu bega linaporuhusu. Kuhusu mashindano, tutaona. Labda mtindo huru, mbio moja. Labda hapana.

Nikashukuru, nikasimama kuondoka. Akaniambia nikae. Na mimi nina mazoezi yangu. Yale yale. Pamoja na mtoto, kila siku, na dada yangu ndiye msimamizi.

Kwa hiyo leo tumefunga mipira yetu kwenye kitasa cha mlango wa duka, mjomba na mpwa, viwiko vimebana mbavuni, tunavuta nje, tunarudisha polepole. Mpwa wangu anahesabu kwa sauti ili nisidanganye. Nilikuwa nimeshika kasi nzuri pale mteja mmoja alipousukuma mlango kwa nguvu. Mlango ukaenda, mpira ukaenda, nikaenda. Nimeishia kwenye sampuli za sakafu ya mbao.

Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia akicheka tangu mwezi uanze. Mteja akanunua boksi tatu kwa aibu. Dada yangu anauliza kama tunaweza kufanya mazoezi hayo kila siku saa hizo hizo.

Jumatatu, 17 Machi

Kocha Mkuu amerudi. Nilikuwa na mpango: nimuwahi na picha za mjukuu, nimsifie mtoto mpaka asahau kuuliza. Nikaanza vizuri. Nikasema mtoto ana pua ya akili. Akasema ahsante, na mita elfu tatu ni za nani?

Anajua yote. Wazazi wamempigia simu, dada yangu amempigia, mhudumu wa bwawa amempigia kuhusu kikombe chake. Alichukua filimbi shingoni mwangu mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kitambaa cha shingoni baada ya kumlisha. Nikadhani nafukuzwa. Akaniambia nitaendelea kuja, kila siku, nikae kwenye benchi na kuwauliza vijana vidole, na nimletee majibu ya kweli. Nikamwambia kuna heshima zaidi katika kuokota miwani. Akasema miwani pia.

Vijana wamepunguziwa mazoezi. Waliingia majini wakipiga mayowe kama wamefunguliwa zizini. Mlingoti amevaa shati mwenyewe, akanionyesha kila kifungo.

Jumatano, 19 Machi

Roho ilikataa kutulia. Sisi tunapumzika, Kifua Mbele anaongeza! Leo nimekwenda kumpeleleza. Nimevaa kofia ya kuogelea, miwani ya majini, na koti la mvua. Jua kali. Nikajipenyeza kwenye viti vya watazamaji, nikajilaza.

Nilichokiona! Waogeleaji wake waliogelea kidogo, tena polepole, wakiambiwa waangalie kiganja kinaingiaje majini. Kisha wakatoka wakavuta mipira. Kisha wakacheza mpira wa wavu. Na aliyekuwa akiwasimamia, na mkoba wake mkubwa pembeni, ni daktari yule yule!

Nikasimama nikasahau nimejificha. Kifua Mbele akanipungia mkono, hata hakushangaa. Akaniuliza kama koti halichomi. Nikamuuliza maradufu iko wapi. Akasema maradufu aliifanya kweli, mwaka juzi, na aliingia kwenye mashindano na waogeleaji wawili wazima, wengine wote wamekaa jukwaani na mifuko ya barafu mabegani, wazazi hawamsalimii. Hapo ndipo alipompata daktari.

"Sasa mbona uliniambia vile?" nikamuuliza.

"Nilijua utaiga," akasema. Kisha kifua chake kikashuka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Lakini sikujua kama utafika mpaka kwenye mifuniko ya ndoo. Mtoto anaendeleaje?"

Nikamwambia anaendelea vizuri. Akasema wallahi amefurahi. Tukakaa tukanywa soda. Ni mshenzi, lakini ana soda baridi.

Jumamosi, 22 Machi

Mashindano!

Asubuhi daktari alimpima mpwa wangu pembeni ya bwawa. Mkono juu, chini, nyuma, kusukuma, kuvuta. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo nikiuma kucha. Akamuuliza vidole. Mtoto akafikiri kweli kweli, akaonyesha kimoja. Kimoja cha kweli. Daktari akasema sawa: mtindo huru, mbio moja, na bega likilalamika anaacha, hata kama amebakiza mkono mmoja kufika ukutani. Mpwa wangu akaahidi. Kisha akanitafuta kwa macho, akanikuta nyuma ya nguzo.

"Nikiacha, utakasirika?"

Nikamwambia akiacha nitamnunulia aiskrimu. Akishinda pia nitamnunulia. Akishindwa, mbili. Dada yangu, aliyekuwa karibu, akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tukiwa watoto. Nikaona aibu, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mbio. Kwanza alikuwa wa nne. Dada yangu ameushika mkono wangu, ule mbovu, anaubinya. Nikamwacha aubinye. Walipogeuka akawa wa tatu. Mkono wake ulikuwa unaingia majini kimya, mzuri, hauna pupa, kama mtu anayechomoa barua kwenye bahasha. Wengine walikuwa wameanza kuchoka, mikono inapiga maji ovyo. Yeye alikuwa mpya! Kapumzika! Wa pili! Nikaanza kupiga kelele. Mama mkwe, ambaye sikujua kama kaja, akaanza kupiga kelele. Msichana wa klabu ya Kifua Mbele yuko mbele kidogo, kidogo sana, sasa hakuna tena kidogo, ukuta!

Wa kwanza! Kwa ukucha! Na ni muda bora kuliko wote aliowahi kupata!

Niliinua mikono yote miwili juu hewani. Yote miwili! Nikakumbatiana na dada, na mke wangu, na mhudumu wa bwawa, ambaye alisahau kwamba hatusemeshani. Kifua Mbele akaja kumpa mtoto mkono, akatoa wa kushoto ili asimuumize. Watu wa kambi ya taifa wamemwita mpwa wangu. Sharti lao la kwanza ni kwamba aende na maelekezo ya daktari.

Mtangazaji wa redio akauliza siri ya klabu yetu ni nini. Kocha Mkuu alikuwa anakunywa maji. Nikashika kipaza sauti. Nikasema mimi, kwa miaka mingi, nimekuwa nikiamini katika kupunguza. Nikasema falsafa yangu ni bega kwanza. Kocha Mkuu alipaliwa na maji, na daktari akalazimika kumpiga mgongoni. Mpwa wangu aliinua vidole viwili nyuma ya mtangazaji, akanikonyeza.

Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu. Aiskrimu zimeliwa, kila mtu mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Leo Kocha Mkuu ameniita pembeni. Amesema aliona nilivyokuwa Jumamosi, na ameamua kunirudishia imani kidogo. Amenipa mazoezi ya miguu. Miguu tu, vijana wakiwa wameshika ubao wa kuelea, mabega yametulia. Akasema hapo hakuna cha kuharibu.

Kitengo kizima! Nimejifungia stoo nikafikiri mchana wote. Na nimeona jambo ambalo hakuna kocha aliyewahi kuliona. Miguu haina mabega! Mzigo wote aliokuwa anausema daktari ni wa bega. Miguu iko huru. Miguu imekuwa ikidekezwa miaka yote hii.

Nimewaambia vijana kesho kila mtu aje na viatu vya mvua, vile virefu vya plastiki. Vikijaa maji vitakuwa na uzito mzuri sana. Tutaanza na mita elfu tatu, baadaye tutazidisha. Daktari alipita wakati naeleza, akasema kitu kuhusu magoti. Sikumsikia vizuri, nilikuwa najaribu viatu.

Vimebana kidogo. Goti la kushoto limesema kitu, kisauti tu. Ni nguvu hiyo.